Watasema, mbwa wa getini kwetu

Najua nimepotea. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimeacha kalamu nikaenda kulima matikiti maji kama vijana wenzangu. Nipo. Zamu za usiku zimenibana, na kuna kisa kimoja nimekuwa nikitaka kukiandika, ila kila nikikianza naona aibu kidogo, nazima kompyuta, nalala. Leo nakiandika na aibu yake.

Kisa chenyewe ni cha mbwa.

Najua mtakavyosema. Huyu naye, nchi ina mambo chungu nzima, yeye anatuletea mbwa! Hata mimi ndivyo nilivyosema siku mhariri wa makala aliponipa kazi ya kuandaa ukurasa kuhusu ofisi za Marekani zinazowaruhusu wafanyakazi kwenda kazini na mbwa wao. Nilicheka peke yangu. Kwetu mbwa ana kazi inayojulikana. Usiku anafunguliwa, mchana anafungiwa bandani, na ukutani kuna kibao cha "Mbwa mkali" hata kama mwenyewe ni kibogoyo. Au ni wa polisi, au ni wale wa kunusa pembe za ndovu ambao African Wildlife Foundation ilianza kuwafundisha mwaka 2014 pale Usa River, Arusha. Hao ni watumishi. Lakini mbwa wa kulala chini ya meza ya mhasibu, asiye na kazi wala lindo, huyo tulimwachia Mzungu.

Basi nikaanza kusoma. Kule Seattle, kampuni ya Amazon ilikuwa na mbwa tangu ikiwa kampuni changa. Wa kwanza kujulikana alikuwa Rufus, mbwa wa aina ya corgi, wale wa miguu mifupi kama stuli. Alikuwa akija kazini na wenyewe, mume na mke waliokuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo miaka ya 1990. Inasimuliwa kwamba wenzao walikuwa wakimshika mguu wa mbele wanabofya nao kipanya pale wanapofungua ukurasa mpya wa tovuti. Rufus alikufa mwaka 2009. Jengo moja la kampuni likapewa jina lake, na mwaka 2024 jina hilo hilo likapewa programu yao ya akili mnemba inayowasaidia wateja kuchagua bidhaa. Sisi tuna wahariri waliofanya kazi miaka 30 wakaagwa kwa soda na keki.

Google nao waliandika kwenye kanuni zao za maadili kwamba wao ni kampuni ya mbwa, na paka hawana ubaya nao ila hapo si pao. Na tangu mwaka 1999 Marekani wana siku maalumu kila Juni ya kwenda na mbwa kazini.

Nikajisemea, hawa watu si wajinga, kuna faida wanaipata. Ya kwanza niliiona bila kuambiwa na mtafiti. Mtu aliyeacha mbwa nyumbani anaangalia saa, kwa sababu mbwa anataka kula na kutoka. Mtu aliyekuja na mbwa hana sababu ya kuondoka. Bosi anamruhusu mbwa, wewe unakaa hadi saa 3 usiku. Mnaona?

Lakini kuna tafiti pia. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, wakiongozwa na Randolph Barker, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwenye kampuni moja ya North Carolina ambako kila siku huwapo mbwa 20 hadi 30. Hapa ndipo nilipocheka tena, maana kampuni yenyewe inauza sahani za kaure, glasi na vijiko vya fedha. Mbwa 30 katikati ya vyombo vya kupasuka! Wakawapima wafanyakazi mate kutafuta homoni ya msongo, na wakawauliza wenyewe wanajisikiaje kadiri siku inavyokwenda. Mate hayakuonyesha tofauti ya maana. Ila kwa maneno ya wafanyakazi wenyewe, waliokuja na mbwa msongo ulipungua kadiri siku ilivyokwenda, na wasio na mbwa ukapanda. Waliozoea kuja na mbwa, siku walipowaacha nyumbani, nao ukawapanda. Kampuni moja, wiki moja. Sitaki kulifanya jambo kubwa kuliko lilivyo.

Utafiti ulionisimamisha ni mwingine. Mwaka 2010 Christopher Honts na wenzake wa Chuo Kikuu cha Central Michigan waliwagawa watu katika makundi madogo, mengine yakiwa na mbwa chumbani, mengine bila. Wakawachezesha mchezo. Kila mtu anaambiwa yeye na wenzake wameshtakiwa kwa kosa. Anaweza kunyamaza, au kumchoma mwenzake ili yeye apate nafuu. Wote wakinyamaza, adhabu ni ndogo kwa wote. Waliokuwa na mbwa chumbani, uwezekano wa kumchoma mwenzao ulikuwa chini kwa karibu asilimia 30.

Nikaacha kusoma hapo. Mchezo huo naujua. Niliucheza mwaka jana mwezi wa tatu, ofisini kwetu, na nilimchoma mwenzangu.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda na mpiga picha kwenye mkutano wa wananchi waliokuwa wakigombea kiwanja cha shule. Yeye akapiga picha, mimi nikamwandikia majina ya waliomo pichani. Jina la diwani nikalibadilisha na la mtu anayelalamikiwa kwenye stori hiyo hiyo. Yaani diwani mzima, kifua mbele, katoka gazetini akiitwa mvamizi wa kiwanja. Asubuhi simu zikawaka. Tukaomba radhi ukurasa wa 2. Mhariri akaniita, akauliza maelezo ya picha ameandika nani. Nikasema, "Picha ni za kaka." Sikusema uongo, mnaona ujanja wake? Picha zilikuwa zake kweli. Akapewa barua ya onyo na hakuja kujitetea, kwa sababu alidhani mimi nitasema. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi 6, umebaki mmoja. Nikanyamaza.

Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Na haikuwa sisi tu. Mishahara ilikuwa inachelewa, watu wanapunguzwa, dawati la siasa halizungumzi na dawati la michezo, msanifu anakula chakula chake akiwa ameipa chumba mgongo. Anayejua chumba cha habari chenye hofu ya kupunguzwa anajua ninachosema. Kelele za simu zipo, mazungumzo hayapo.

Watasema alikuja na mvua za masika. Mbwa wa kawaida wa mtaani, rangi ya udongo, sikio moja limekatika ncha. Alijikunyata chini ya kibanda cha mlinzi, na mlinzi, mzee mmoja mpole wa kutoka Kondoa, akamwachia alale. Jina alimpa yeye. Mnajua watu wetu na majina ya mbwa. Ukimwita, jirani anapata ujumbe. Mzee alikuwa na jambo lake na majirani wa Mbagala, nami sikuliuliza.

Cha kwanza nilichokiona ni watu kusimama getini. Zamani tulikuwa tunapita pale kama tunapita mlingoti wa bendera. Sasa unasimama, unamtupia mbwa mfupa wa wali wa mama ntilie, na ukishasimama huwezi kumpita mzee bila shikamoo. Ndani ya mwezi mmoja nikajua ana binti anasomea ualimu, na mhariri msaidizi, ambaye mimi mwenyewe namwogopa, alikuwa anamletea mzee gazeti la jana la kusoma usiku. Nimelifikiria sana hili. Ofisini kwetu kila mazungumzo yana cheo. Ukimsemesha mkubwa, unaomba kitu. Ukimsemesha mdogo, unamtuma. Mbwa hakuwa na cheo, na habari zake hazikuwa stori ya mtu yeyote. Angalau hapo mtu alikuwa na la kusema lisilo na deni.

Usiku mmoja mwezi wa saba tulikuwa wawili getini tukingoja gari la wafanyakazi. Mimi nimemaliza ukurasa wa mwisho, mpiga picha ametoka kwenye mechi Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mzee alikuwa ameingia ndani kuzima taa. Tulisimama kama hatua 5 baina yetu, kila mtu na simu yake. Watasema akaja akalala katikati.

"Watasema," kaka akasema, macho kwenye simu. "Hivi wewe ukiiba nyama jikoni, utamsingizia paka?"

Nikajua nimepigwa. Ni lugha ya bibi zetu hiyo, unausema mlango ili mkaza mwana asikie. Mbwa akainua kichwa akanitazama, kama kweli anangoja jibu.

"Watasema," nikamwambia, "mwambie kaka mwizi wa nyama anajulikana. Uoga tu ulimziba mdomo."

"Muulize, uoga wa nini?"

"Wa mkataba. Ulikuwa umebaki mwezi."

"Mwambie na mimi nina watoto wawili shuleni."

Hapo sikuweza kuendelea na mbwa. Nikamgeukia mwenyewe. Nikasema kaka, jina nilikuandikia mimi, nilikosea mimi, na kwa mhariri nilikuacha uungue. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Gari hilo." Tukapanda, akakaa mbele, mimi nyuma. Kesho yake nikaenda kwa mhariri nikasema ukweli, nikaandika na maelezo nikasaini. Barua yake ya onyo mpaka leo ipo kwenye faili, nimeifuatilia mara tatu, naambiwa utawala wanalishughulikia. Lakini asubuhi ile aliponikuta kwenye ngazi alinisalimia.

Sasa mimi siwezi kusema mbwa ndiye aliyetupatanisha. Ninachojua ni kwamba miezi minne nilipita karibu na yule bwana kila siku nikashindwa kufungua mdomo, na usiku ule ukafunguka kwa sababu kulikuwa na wa tatu wa kumsemesha, asiyeweza kupeleka maneno kwa mtu.

Tatizo likaja mwezi wa kumi. Mama wa uhasibu alikuwa anashuka kwenye bodaboda, Watasema akamkimbilia kwa furaha zake, mama akarudi nyuma, akaanguka, akachubuka goti. Tusimcheke. Alipokuwa mtoto aling'atwa na mbwa, akachomwa zile sindano za zamani za tumboni, moja baada ya nyingine, na anazikumbuka zote. Siku hizi chanjo hupigwa begani, lakini nani atamwambia hivyo mtoto aliyeko ndani yake? Alilia kwa hasira, na alikuwa na haki.

Siku iliyofuata meneja utawala akaingia kwenye kikao cha asubuhi. Akasema mbwa aondoke kabla ya Ijumaa, na tulijua "aondoke" maana yake nini, kwa sababu mbwa wa mtaani akilalamikiwa mara nyingi anamalizwa kwa risasi au sumu. Kisha akauliza, "Nani alimruhusu akae pale?"

Kimya. Kila mmoja alijua jibu analolitaka. Lilikuwa ni mzee wa getini, ambaye si hata mfanyakazi wetu, ni wa kampuni ya ulinzi. Jina moja kwenye barua, na kesho yake analetwa mlinzi mwingine. Tulikuwa watu kama 20 mle ndani. Nilitazama meza. Nikahisi kitu kile kile cha mwezi wa tatu, kwamba ukinyamaza sekunde 10 zaidi litapita, halitakugusa.

Nikasema, "Chakula namnunulia mimi."

Sauti ilitoka nyembamba mpaka nikaona haya. Meneja akaandika. Kaka akasema kutoka nyuma, "Na mimi." Dada wa dawati la michezo akasema gunia analolalia ni la kwake. Halafu akasimama Ustaadhi.

Ustaadhi ni msahihishaji wetu. Jina tulimpa sisi, kwa sababu swala haimpiti na koma haimpiti. Yeye ni wa madhehebu ya Shafi, kama Waislamu wengi wa pwani yetu. Mate ya mbwa kwake ni najisi, chombo kikiguswa kinaoshwa mara saba na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Sijawahi kumwona akisogea hatua mbili karibu na Watasema. Nilidhani atasema mbwa atoke, na sijui ningemjibu nini.

"Maji ni mimi," akasema. "Kile kikopo cha rangi nyuma ya kibanda ni changu. Kila nikija kutawadha namwekea."

Baadaye nilimuuliza. Akanikumbusha hadithi ya Mtume ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi. "Najisi ni jambo langu na kanzu yangu," akaniambia. "Kiu ni yake."

Yeye pia ndiye aliyetoa njia mle kikaoni. Akasema katika sura ya Al-Kahf vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao, na mbwa yule alikaa kizingitini. Basi huyu naye akae kizingitini, asivuke, na afungwe mchana. Mama wa uhasibu akauliza kuhusu chanjo, na swali lake ndilo lililokuwa la maana kuliko maneno yetu yote. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Sisi tulikuwa tunampapasa mbwa wa mtaani miezi yote ile bila hata mmoja kujiuliza. Waandishi wa habari wasomi!

Tukachanga, 2,000 kila mtu. Bwana mifugo akaja Jumatano akiwa na boksi lake la barafu. Ukanunuliwa mnyororo na ukanda wa shingoni. Mama wa uhasibu sasa anashukia geti dogo la nyuma, na mzee anamfungulia mwenyewe. Hampendi mbwa na hatampenda, na hakuna aliyemwambia ajaribu. Hapa nawashangaa kidogo wale wa Seattle. Mwenye pumu, mwenye mzio, mwenye kovu la utotoni, mwenye swala yake, wote hao ni wafanyakazi pia. Ukimweka mbwa chini ya meza, kuna mtu umemtoa kwenye kiti chake. Kwetu ilibidi tuulizane kwanza, na nikipiga hesabu, kule kuulizana ndiko kulikofanya watu 20 wasikilizane kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

Ukurasa wangu wa makala kuhusu Marekani ulitoka, umekatwa nusu kupisha tangazo la benki. Watasema hakuwemo.

Bwana mifugo alipomaliza kumchoma sindano alitoa kadi ya chanjo. Jina la mnyama, akaandika. Rangi, akaandika. Mmiliki, akainua kichwa. Tukatazamana. Mzee akasema yeye ni mlinzi tu. Mimi nikasema nanunua chakula tu. Mwishowe yule bwana akachoka kungoja, akaandika "Chumba cha habari".

Kaka akampiga picha pale pale, Watasema kakaa na ukanda wake mpya, sikio bovu limesimama. Juzi ameichapisha ili tuibandike kwenye ubao wa matangazo. Akaileta mezani kwangu, akaiweka juu ya kompyuta, akasema, "Andika maelezo ya picha wewe. Na jina ulihakiki."

Nikainuka nikaenda getini kumuuliza mzee.